Uso wa Sampuli

Sehemu ya tisa: Upande mmoja

"Dawa gani?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo waliokasirika. Mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniambia si ungwana kumwacha mtu wiki nzima na swali la maneno mawili. Nimekubali kosa. Haya, turudi palepale.

Ni chumba cha daktari wa ngozi, ghorofa ya tatu. Taa yenye kioo cha kukuzia bado inamulika taya ya Sampuli. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ameuliza swali la kawaida kabisa: vile vidonge vya chunusi nilivyokupa, bado unavinywa au umekwisha kuviacha? Na aliyejibu si mgonjwa. Amejibu dada mtu, aliyekaa pembeni na mkoba wake mapajani.

Kwa aliyeingia leo: Dada Mkubwa ana saluni, na saluni yake ina sheria moja inayojulikana mtaa mzima. Hakuna krimu, sabuni wala mashine inayogusa uso wa mteja kabla haijapita kwenye uso wa mdogo wake. "Kama haijamfika mdogo wangu, haikufiki wewe," huwaambia. Ndiyo maana wateja wakampa mdogo mtu jina la Sampuli, na mwenyewe akalizoea mpaka analiitikia usingizini.

Sampuli alikuwa na chunusi zilizozishinda krimu zote za dada yake. Halafu, msimu mmoja, zikaondoka. Uso ukatakata, na mtaa mzima ukakimbilia mikono ya Dada Mkubwa. Yeye naye akaleta mashine ya kusugua ngozi ili afute zile alama zilizobaki, akaanza na Sampuli kama desturi. Siku ile binti aling'aa. Leo, miezi miwili baadaye, ana makovu yaliyotutumka kwenye taya zote mbili, magumu, kama kamba imepitishwa chini ya ngozi, na hatoki nje bila barakoa.

Daktari alivaa miwani. Akamtazama Dada, akamtazama Sampuli, akajua amemwaga mtama penye kuku wengi.

"Samahani," alisema. "Nilidhani mnajua wote. Dada yangu, naomba utupishe nje kidogo."

"Sitoki."

"Ni haki ya mgonjwa..."

"Mgonjwa huyu nimemlea mimi. Nimeuosha uso huo tangu hajui kushika mswaki. Sitoki mpaka anijibu yeye mwenyewe. Dawa gani?"

Sampuli alikuwa anaviringisha kamba ya barakoa kwenye kidole.

"Vidonge, Dada. Vya chunusi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla uso haujatakata."

Dada Mkubwa akanyamaza. Mtu huyu kwa kawaida hupiga kelele taulo moja tu ikipotea, na mwenye kelele, wahenga walisema, hana neno. Akinyamaza ndipo utafute pa kujificha.

"Kwa hiyo uso ulitakata kwa vidonge," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Si kwa mikono yangu."

"Na krimu zako zilisaidia, Dada."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Sampuli akaanza kulia, kilio kile cha mtu anayejaribu kuongea na kulia kwa wakati mmoja. Alisema wateja walikuwa wanamtazama yeye wanamcheka dada yake. Alisema kuna siku, akiwa anaosha vitana, alimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: huyu ameshindwa na uso wa nyumbani kwake, ataweza wangu?

"Nikaona nikienda kwa daktari waziwazi, watu watasema nimekukimbia. Nikaona nikipona kimya kimya, sifa itakuwa yako. Na ilikuwa yako, Dada. Si ulifurahi?"

"Nilifurahi," alisema Dada Mkubwa. "Nilicheza, hata. Mbele ya wateja."

Wewe msomaji una wako wa kulaumu, na mimi nina wangu. Lakini nani kati yetu hajawahi kuficha ugonjwa kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine? Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, kisha tunarudi nyumbani kuficha.

"Na siku nilipokusugua?" aliuliza Dada. "Ulikaa kwenye kiti changu, ukafumba macho, usiniambie?"

"Nilikuwa nimeviacha wiki chache kabla. Nilidhani vimekwisha kutoka mwilini. Na ulikuwa umewaalika watu waje waitazame mashine. Walikuwa wamekaa pale, Dada. Ningesemaje mbele yao?"

"Nilimkataza," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Nilimwambia uso usiguswe kwa nusu mwaka baada ya kuviacha. Lakini sikumwuliza dada yake anafanya kazi gani. Hilo ni langu."

Dada Mkubwa alimgeukia kwa mwili mzima, kiti kikalia.

"Basi niambie, Daktari. Ni vidonge vyako au ni mashine yangu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, na nikikupa jibu ili uridhike nitakuwa nakudanganya. Wako watu waliosuguliwa wakiwa kwenye dawa hii wakapona vibaya, kovu likawa kubwa kuliko jeraha. Waliotutangulia walipoona hivyo wakaweka katazo, nasi tumelishika. Siku hizi wapo wenzangu wanaosema katazo limezidi, kwamba wengi wamesuguliwa na hawakupata kitu. Wote wana wagonjwa wa kuonyesha."

"Mashine yangu imepita nyuso nyingi. Wote wazima, isipokuwa huyu."

"Inawezekana hao hawakuwa kwenye dawa. Inawezekana ngozi zao ni tofauti." Daktari akasita. "Nyumbani kwenu kuna mtu mwenye kovu la namna hii? La kututumka?"

Wale ndugu wawili wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu neno dawa litamkwe.

"Sikio la mama," alisema Sampuli.

Mama yao alitobolewa sikio akiwa msichana, na pale tundu lilipotakiwa kuwa pakaota kinundu kikubwa kama punje ya mahindi, kisha kikazidi. Miaka yote amekifunika kwa mtandio. Watoto wake walikua wakidhani kila mama ana kimoja.

"Basi na damu imo," alisema daktari. "Yaweza kuwa damu peke yake. Yaweza kuwa dawa, yaweza kuwa mkono uliokandamiza kidogo zaidi ya kawaida. Yaweza kuwa yote kwa pamoja."

Dada Mkubwa akashika kichwa.

"Daktari, mimi nilikuja hapa uniambie ni mimi. Nikijua ni mimi nitajua pa kuanzia. Nitauza mashine, nitampigia magoti, nitafanya kitu. Sasa nifanye nini na hilo 'yaweza' lako?"

"Usubiri, kama sisi."

"Yatatoka?" Sampuli aliuliza, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye taya.

"Tutayachoma sindano, kidogo kidogo. Yatalainika. Huenda yakashuka, huenda yakarudi. Mtu akikuahidi kuyakata na kumaliza, mkimbie. Kovu la namna hii ukilikata laweza kuja kubwa zaidi."

Alisimama akaenda kunawa mikono, akaongea huku ameupa ukuta uso, kama mtu anayerudia maneno aliyoyasema mara mia.

"Na vidonge vilivyobaki usimpe mtu. Wasichana mna tabia ya kupeana."

Mkono wa Sampuli ukasimama palepale kwenye taya.

Mwenye kumbukumbu anaukumbuka mkutano wa jikoni wa sehemu ya sita, na ile karatasi laini iliyokunjwa ikapita chini ya meza. Asiyekumbuka nitamsaidia. Kati ya Dada Mkubwa na Sampuli kuna kaka mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu. Jumamosi hii anaoa. Mchumba wake ni mwalimu wa chekechea, nasi tunamwita Mwalimu tu, msichana mcheshi mwenye chunusi za ukaidi ambazo watoto wa darasa lake walikuwa wanazihesabu kwa sauti. Mwalimu alimwona wifi yake anavyotakata, akambembeleza ampe siri, akaipata. Na siri ilikuja na vidonge vyote vilivyobaki.

"Dada," alisema Sampuli. "Mwalimu yuko wapi saa hizi?"

"Yuko saluni. Si leo ndiyo zawadi yangu ya harusi? Mama anamsugua uso, kwa kuwa mimi niko hapa na..."

Hakumaliza. Alikuwa anautazama uso wa mdogo wake, na uso ule haukuhitaji maelezo.

"Usiniambie."

"Nilimpa."

"Usiniambie hivyo."

"Nilimpa vyote, Dada. Na sidhani kama ameviacha."

Simu ya Mama haikupatikana. Simu ya Mwalimu haikupatikana. Dada Mkubwa alizipiga zote mbili tena na tena, akijua fika kwa nini hazipatikani. Ni sheria yake mwenyewe, imebandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: mashine ikiwaka, simu zinazimwa na mlango unafungwa. Mteja mwenye uso uliosuguliwa hapendi kuonwa na wapita njia.

Akampigia fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Fundi, nenda saluni sasa hivi. Mwambie mama azime mashine."

"Kuna moto?"

"Hakuna moto. Nenda."

Wakasikia cherehani ikinyamaza, kandambili zikiburuzwa, kisha mlango ukigongwa. Wakasikia na sauti ya Mama kwa mbali, bila maneno. Fundi akarudi kwenye simu.

"Amesema kazi ya uso haikatizwi katikati."

"Mwambie ni mimi nimesema."

"Nimemwambia. Amesema wewe mwenyewe ndiye uliyemwagiza mashine ikiwaka asimfungulie mtu, hata angekuwa wewe." Fundi akakohoa. "Na kama ni ile suruali ya bwana harusi, mwambie iko tayari."

Daktari alikuwa amesimama na taulo mkononi. "Kimbieni," alisema, basi.

Lifti ilikuwa mbovu. Walishuka ngazi, Dada Mkubwa mbele na mkoba wake ukipigapiga ukutani, Sampuli nyuma akijitahidi kufunga barakoa. Wakapata teksi. Hawakufika mbali, mbele yao lori la maji lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwenye geti, linakwama, linajaribu tena, na mwelekezaji wake alikuwa mtu mpole asiyependa haraka.

"Labda hakuvinywa," alisema Dada Mkubwa. "Watu wangapi wanapewa dawa wanaziweka kabatini."

"Labda."

"Mwalimu mwenyewe mwoga wa vidonge. Aliwahi kuniambia hawezi kumeza hata cha kichwa bila kukisaga."

"Labda, Dada."

Waling'ang'ania neno hilo mpaka lori likamaliza kuingia. Kisha Dada akasema, bila kumtazama: "Nimekukasirikia. Sijui hata nianzie wapi. Lakini nitakukasirikia baadaye, sasa sina nafasi."

Mahali panapoanza maduka walishuka wakakimbia, viatu mkononi, watu wakiwapisha kama wanavyopishwa wenye msiba. Fundi cherehani alikuwa bado amesimama mlangoni pa saluni na futi yake shingoni, akiwa hajui kama amekosa au amefanya vizuri. Ndani mashine ilikuwa inanguruma.

Mngurumo ule, msomaji, ndio uliokuwa mbaya. Ulikuwa mtulivu. Ulikuwa sauti ya kazi inayokwenda sawa.

Dada Mkubwa alifungua kwa ufunguo wake, akapita katikati ya viti, akaishika plagi na kuing'oa ukutani.

"Nani amekata umeme?" alisema Mama.

Alikuwa ameinama juu ya kiti kikubwa, mtandio umefungwa nyuma ili usimsumbue, kichwa cha mashine mkononi. Mwalimu alikuwa amelala chali na pamba mbili machoni. Upande wake wa kulia, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, ulikuwa umelowa mafuta na unang'aa. Wa kushoto ulikuwa vilevile ulivyokuja.

"Umefika wapi, Mama?"

"Nimemaliza kulia, kushoto ndio nilikuwa naanza. Kwani vipi? Nimefanya kama ulivyonionyesha. Hapa kwenye taya nimerudia, maana palikuwa na alama nyingi."

Sampuli alishika ukingo wa sinki.

"Na midomo ilikuwa imemkauka huyu mtoto," Mama aliendelea, akifurahia kazi yake. "Imechanikachanika. Nikampaka mafuta kwanza. Mnakumbuka huyu wetu naye ilivyokuwa ikimkauka wakati ule, tukasema ni vumbi?"

Dada Mkubwa alikumbuka. Alikuwa amemtengenezea Sampuli mafuta maalumu ya midomo kwa ajili ya vumbi lile, kumbe ni vidonge. Ile 'labda' ya kwenye teksi ikafia hapo.

Mwalimu alitoa pamba machoni. "Wifi, mmerudi? Mbona mnahema?"

Akainuka akaketi. Alijitazama kwenye kioo kikubwa, akageuza shavu la kulia, akatabasamu. "Mama ana mkono mwepesi kuliko wako, wifi. Usikasirike."

"Vile vidonge," alisema Sampuli. "Ulivinywa?"

Mwalimu akatupa jicho kwa Dada Mkubwa, kisha kwa Mama. "Si tulikubaliana..."

"Anajua. Ulivinywa?"

"Mpaka jana."

Ilibidi Sampuli aseme, kwa sababu dada yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na hasemi. Alisema vibaya, akianzia mwisho, akirudi nyuma, akisahau na kurekebisha. Mwalimu hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alikuwa akisema, "Lakini hauumi. Hata kidogo hauumi." Basi Sampuli akaivuta barakoa chini.

Mwalimu alikuwa ameambiwa barakoa ni ya mafua. Mama alikuwa akijua habari za makovu, lakini aliamini yatashuka yenyewe kama upele. Kaka, mtu wa safari, hakujua lolote. Sasa Mwalimu aliyatazama makovu yale kwa karibu, upande huu na upande huu, kama mtu anayesoma.

"Siku uliyotoka kwenye kiti hiki," aliuliza, "ulikuwaje?"

"Kama wewe sasa hivi."

Mkono wa Mama ulikuwa umekwenda sikioni. Sidhani alijua.

"Hakuna cha kupaka?" aliuliza Mwalimu.

"Twende kwa daktari leo hii. Atakutazama. Lakini kuzuia... hakutuahidi kuzuia."

"Na nitajua lini?"

"Yangu yalichukua wiki kadhaa kuanza kunyanyuka."

Mwalimu akageuka tena kwenye kioo, safari hii bila kutabasamu. Midomo yake ilikuwa ikitembea kama anahesabu watoto wanaoingia darasani.

"Basi Jumamosi nitakuwa mzuri," alisema.

"Mwalimu..."

"Jumamosi nitakuwa mzuri, na picha zitakuwa nzuri. Kitakachokuja kitakuja baadaye. Asijue."

"Asijue nani?" aliuliza Dada Mkubwa, ingawa alikuwa ameelewa.

"Kaka yenu."

"Huyo ni ndugu yetu wa tumbo moja."

"Na mimi ni nani? Wifi yenu, au wifi kuanzia Jumamosi? Wewe umenipa vidonge, wewe umeleta mashine, mama ameishika. Sijamtukana mtu. Sidai kitu. Nadai mnyamaze."

Mama aliweka kiganja chake begani mwa Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli.

"Mwanangu, mimi sijawahi kumficha mtoto wangu jambo. Mwambie leo. Kama ni mwanamume wa kukuacha kwa kovu, akuache sasa kabla hujaingia kwake."

"Na kovu lisipotokea, mama?"

Mama akaondoa kiganja begani mwake.

"Daktari si amesema hajui? Wengine halitokei. Sasa nimwambie leo, aogope, aniache. Halafu wiki zipite, uso huu ubaki hivi hivi. Nitakuwa nimeachwa kwa kitu ambacho hakikuwepo." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nikisema naweza kumkosa bure. Nikinyamaza naweza kumdanganya. Niambieni lililo sahihi nilifanye. Ninyi ni wakubwa zangu, niambieni."

Mimi mwenyewe, niliyeianza hadithi hii na ninayeiendesha, sina la kumwambia. Nimelizungusha swali hilo wiki nzima. Mama ana umri, Dada Mkubwa ana ulimi, Sampuli ana uzoefu ulioandikwa kwenye taya zake, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti.

Mlango ukagongwa. Si kugonga kwa mteja. Ni ngumi mbili na mluzi.

"Fundi ananiambia kuna mambo humu," sauti ya Kaka ilisema, imejaa kicheko. "Suruali nimeichukua. Nifungulieni, nimchukue mwenyewe."

Sampuli akapandisha barakoa. Mwalimu akafuta macho kwa taulo, upande wa kushoto kwa nguvu, upande wa kulia kwa kuogopa. Hakuna aliyefungua, lakini Dada Mkubwa hakuwa ameufunga mlango alipoingia, na Kaka akausukuma.

Alisimama pale na suruali yake ya harusi begani, mrefu, amechoka na safari, amefurahi kama mtoto. Alimtazama mchumba wake kwenye kiti chini ya taa.

"Ehe," alisema. "Mashallah. Huu upande umetoka vizuri sana." Akasogea, akainama, akatazama mwingine. "Mbona huu mwingine hamjaumaliza?"

"Umeme," alisema Mama. Ndilo neno la kwanza la uongo alilowahi kumwambia mwanawe, na lilimtoka kabla hajalifikiri.

Kaka akacheka. Aliufuata waya kwa macho mpaka kwenye plagi iliyoanguka sakafuni, miguuni pa Dada Mkubwa.

"Umeme gani? Imechomoka tu. Wanawake watatu na bi harusi, hakuna aliyeangalia chini."

Akapiga goti, akaichomeka. Mashine ikaanza kunguruma mkononi mwa Mama.

"Malizeni basi, nina haraka gani? Nitakaa hapa nitazame. Sijawahi kuiona ikifanya kazi."

Akavuta stuli, akakaa karibu kabisa na kiti. Mwalimu alimtazama, akaegemeza kichwa nyuma taratibu na kufumba macho. Mama akamgeukia Dada Mkubwa amwambie la kufanya, na Dada Mkubwa alikuwa anatazama sakafu.